Neno Nililoandika Juu ya Jicho la Mama Zainabu

Mzee Haule,

Nakuomba haya yabaki huko uliko. Usimnong'oneze hata mkeo, kama mmeshakutana. Shikamoo. Sijui kama wafu huamkiwa, ila siwezi kuanza bila kukuamkia.

Tangu tukuzike Matogoro, barua za Kiingereza za zahanati naziandika peke yangu. Unakumbuka utaratibu wako: mwandishi anaweka herufi za jina lake chini, na aliyeisoma mara ya pili anaweka zake. Mzee, zako nimekuwa nikiziweka mimi. Niliona aibu kumwomba mtu mwingine anisahihishe.

Juzi alikuja Mama Zainabu, mkulima wa tumbaku wa Namtumbo. Jicho lake la kulia lilikufa zamani. La kushoto limeanza kuuma ghafla na kuingia ukungu. Tabibu akaniagiza niwaandikie haraka wale madaktari wa macho wageni waliopo mjini kwa sasa, ambao huchagua wagonjwa kwa kusoma barua zetu. Nikaandika kwamba maumivu yake ni chronic. Nilidhani ndiyo makali kupita yote.

Jibu limefika asubuhi hii. Kwa kuwa ni ugonjwa wa siku nyingi, asubiri safari yao ijayo.

Ndipo nikakusikia. "Kijana, unaandika Kiingereza kama unafukuzwa na nyuki. Acute ni mgeni anayevunja mlango ghafla. Chronic ameshahamia na godoro lake." Ulinieleza tukila mihogo dirishani. Nikacheka, sikuandika popote.

Mama Zainabu yuko kwa dada yake Mjimwema. Jana alinipigia: "Mwanangu, wazungu wameshasoma?" Kisha akanishukuru. Mzee, alinishukuru.

Nikisema, watafungua faili na kukuta umesoma barua ukiwa kaburini. Nitafukuzwa. Nikinyamaza, jicho lile moja...

Naandika haraka, samahani kwa mwandiko. Nakuahidi, nikimaliza mstari wa mwisho naingia kwa tabibu na nakala ya barua, namwambia yote, na tunawapigia simu madaktari leo hii. Sitangoja mchana.

Pumzika, Mzee wangu. Ukinitaka, usije mezani kwangu, huenda ukakuta mtu mwingine. Shuka Mjimwema, uliza kwa dada yake Mama Zainabu, anayeuza maandazi. Nitakuwa kwenye benchi lao la nje, nimemshika mkono, tukisubiri gari la kumpeleka kwa madaktari.

Mwanao wa kazi,
Festo