Vumbi la Kabla ya Tarehe

Landless, Thika
9 Februari 2025

Kwako binti yangu Katunge,

Natumaini huko Kahawa Sukari mko wazima. Mimi niko, ila simu siiwezi tena. Nikisema maneno mawili, la tatu ni kikohozi. Ndiyo maana naandika, halafu nakutumia picha ya karatasi.

Redio imesema ule mswada wa wafanyakazi waliougua mapafu kwa vumbi la viwandani umesomwa bungeni mara ya kwanza. Ukipita, mwajiri atalazimika kutuwekea mashine ya oksijeni nyumbani. Nimewaambia wenzangu wa kiwanda cha uzi kwamba karani wa kamati ya bunge itakayoushughulikia ni damu yangu. Muasya ameanza kuniamkia kwa heshima, na tangu tuanze kufanya kazi pamoja hajawahi. Sasa mashine zinakuja lini?

Baba yako,
Nzau

Kahawa Sukari
16 Februari 2025

Baba mpendwa,

Kifua kinaendeleaje? Sisi hatujambo, na mjukuu wako Cindy ameota meno mawili.

Baba, tafadhali punguza matangazo. Kusomwa mara ya kwanza ni kutajwa jina tu. Sasa mswada unakuja kwetu kwenye kamati, tuwasikilize wananchi. Kisha wabunge wataujadili mara ya pili, waurekebishe kifungu kwa kifungu, usomwe mara ya tatu, ndipo Rais atie sahihi. Mimi humo ndani ni mkono wa kuandika. Sina kura.

Tutakuja Thika tarehe 20 Machi. Njoo useme yako. Ila tukiwa pale usiniite mwanangu.

Binti yako,
Katunge

Landless
23 Machi 2025

Binti yangu,

Salamu nyingi, na meno ya Cindy nayasalimu. Mimi tangu Alhamisi sina raha.

Nilipanda pale mbele na picha zangu za eksirei, mwenyekiti akaniuliza nazungumzia kifungu kipi. Katunge, mimi nilikuja kuzungumzia mapafu. Nikakutazama, nawe ukainamia karatasi zako. Sikukasirika, ulikuwa umenionya. Lakini niambie, uliandika nini juu yangu?

Baba yako

Kahawa Sukari
10 Agosti 2025

Baba,

Natumaini barua hii itakukuta na nafuu. Barua zako za Mei na Juni nilizipata. Nilishindwa kujibu.

Niliandika hivi: "Mzee mmoja wa Landless aliunga mkono mswada." Ndivyo tunavyoandika.

Siku ya kurekebisha vifungu, mheshimiwa mmoja alisema waajiri hawawezi kubebeshwa magonjwa ya zamani. Akataka sheria iwahusu tu watakaougua baada ya kuanza kutumika. Wengi wakaitikia ndiyo. Maneno ya rekebisho hilo niliyachapa mimi, asubuhi kabla hajayasoma, nikijua ni wewe ninayekutoa. Wiki iliyofuata mswada ulisomwa mara ya tatu, na juzi Rais ametia sahihi.

Ninyi hamumo, baba. Naona aibu hata kuandika.

Katunge

Landless
13 Agosti 2025

Mwanangu,

Nimepata salamu zako. Barua nimeisoma mara nne.

Je, daktari hawezi kuandika kwamba nimeanza kuugua wiki hii? Najua hawezi. Lakini kuuliza si ujinga.

Usijilaumu, kazi ni kazi. Shida yangu ni wenzangu. Redio ilisema tu kwamba sheria imetiwa sahihi, basi wanadhani mashine ni zetu, na wanakuja kwangu Jumamosi, watu saba na eksirei zao. Mmoja wao, Kitonga, hawezi tena kutembea, mkewe Ndanu amemtafutia mkokoteni. Jana nilitaka kumwambia Muasya, nikaishia kumkaribisha chai. Njoo uwaambie wewe uliyesoma. Mimi nimeshindwa.

Baba yako

Kahawa Sukari
17 Agosti 2025

Baba,

Sijui nikusalimu vipi leo.

Nilikuja jana. Nilifika hadi mlangoni kwako, Cindy akiwa mgongoni. Nikasikia Muasya akiomba kabla ya chai, akimshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto wa Nzau aliyewakumbuka huko bungeni. Mkaitikia amina wote, na sauti yako nikaisikia.

Nikageuka nikarudi stegi kupanda matatu. Nisamehe, baba. Waambie wewe.

Binti yako,
Katunge