Mguu wa Babu Yako Haupimwi na Mkwe

Machochwe,
Wilaya ya Serengeti,
Mara.
Tarehe 9 Juni, 2025.

Mpendwa mjukuu wangu Werema, mume wangu mdogo uliyenikimbia,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, kwa sababu najua ukianza kuisoma barua hii utaona aibu, na mtu mwenye aibu husahau salamu. Hujambo? Kifua chako kilichokuwa kinabana kwa baridi ya huko Arusha kimepona? Unakula ugali, au bado unashindia mikate? Precious mkeo hajambo? Mtoto ameota meno? Mimi ni mzima, ila mgongo, na mgongo si habari tena katika nyumba hii.

Anayeandika ni Zablon katekista. Mimi kalamu sijawahi kuishika, unajua, wenzangu walipoenda shule mimi nilikuwa nyuma ya ng'ombe za baba yangu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinioshee maneno. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe ni mtu wa "nakuja bibi, nakuja bibi, mtandao unakata." Barua haikati.

Mtama umekubali mwaka huu. Mahindi ya upande wa hifadhi tembo walitusaidia kuvuna, wakatuachia mabua. Ulezi bado uko shambani.

Habari nzuri zimeishia hapo, mura, kijana wangu. Sasa kaa chini.

Babu yako Nchagwa ameanguka na pikipiki. Usiruke, hajavunjika. Amechubuka kiwiko, na goti la kushoto, lile bovu, limevimba kama mtungi. Goti tutalikanda. Kinachonitisha ni kwamba amegeuza kigoda chake, anaipa pikipiki mgongo, na amesema iuzwe. Babu yako! Yule aliyeachiwa lile pikipiki kubwa na Mzungu msafiri kule kambini Natta alipokuwa fundi, akawa analiosha kuliko alivyowahi kuniosha mimi mgongo. Anakula matonge matatu anasukuma sahani. Ukimsemesha anajibu "mm." Tangu anioe hajawahi kuninyamazia hivi, hata tulipogombana kwa miaka.

Unajua alikuwa anajiandaa kwenda wapi. Dada yake Boke, tunayekaribiana jina, kule kwa mume wake juu ya Tarime, karibu na Sirari, amelala tangu Pasaka. Hospitali wamemrudisha nyumbani, wamesema akae na watu wake. Kila tukipiga simu sauti imepungua. Na kila mara anauliza neno moja, Nchagwa ameshatoka?

Wewe ni mtoto wa siku hizi, labda hili hukuelezwa vizuri, kwa hiyo nisikilize. Boke alipoolewa, ng'ombe zilizoingia kwao ndizo zilizotoka kuja kwa baba yangu kunioa mimi. Zile zile, na yule mwekundu mwenye pembe moja akiwamo. Boke hakumpenda yule mume. Alienda hivyo hivyo, kwa sababu kaka yake alikuwa hana kitu cha kuolea. Bila miguu ya Boke kuingia kwenye ule mji, mimi nisingekuwa na jiko hapa, baba yako Vincent, Mungu amlaze pema, asingezaliwa, na wewe usingekuwa huko unatengeneza mapikipiki ya watalii. Ndiyo maana babu yako anasema dada wa namna hiyo haagwi kwa simu.

Sasa kumfikisha huko. Goti lile likikunjwa muda mrefu linakaza kama kamba iliyonyeshewa. Tulimpandisha kwenye Noah ya Joel, ile inayobeba abiria, kabla hatujafika Mugumu alikuwa anapiga kelele mpaka abiria wakaomba ashushwe. Nikamwambia basi tukodi gari, tukulaze siti ya nyuma. Akaniuliza kama nimewahi kuona maiti ikiingia mji wa watu na kuwaamkia. Anataka afike amekaa, kama mwanamume, dada yake amwone kutoka dirishani. Na juu ya pikipiki alikuwa anaweza, mradi kila baada ya mwendo apate mahali pa kunyooshea mguu mbele bila kusimama. Ndipo ikaja hii habari ya vikanyagio vya mbele, vyuma vya kuegeshea visigino.

Nianze na wewe. Vikanyagio ulivyotuma kwa basi vilikuwa vinang'aa, watu walikuja kuvitazama. Lakini ulivichagua kama mtu anayechagua kitambaa cha harusi. Vibanio vyake vilikuwa vya kubana chuma kinene. Ile ngao ya chuma inayokinga injini ya babu yako ni bomba jembamba, vikawa vinacheza. Vijana wa hapa wakazungushia mpira wa tairi, ule wa katambuga, wakakaza. Kikanyagio kikakubali ukikitazama, ukikiwekea kisigino kinageuka chini. Tena vilikuwa vyembamba na vitupu, chuma kinatetemeka mpaka mguu unakufa ganzi. Mura, ulipimia nini? Ulipimia pikipiki ipi?

Ndipo akaitwa Athanas, mume wa shangazi yako Beatrice. Athanas ni mchomeleaji mzuri, simtukani. Mageti mengi ya Mugumu ni mkono wake. Lakini ni mkwe. Unajua ensoni zetu, haya ya ukwe haichezewi. Mkwe hawezi kumwambia baba mkwe apanue miguu juu ya pikipiki, halafu yeye achutame pale chini na kamba ya kupimia akitazama juu. Na mimi mama mkwe siwezi kusimama naye uso kwa uso. Kwa hiyo babu yako alikaa juu ya pikipiki anatazama mlima, Athanas alisimama nyuma ya ghala anatazama upande wa Busawe, mimi niko jikoni, na Beatrice yuko katikati ya uwanja anapeleka maneno.

"Mwambie mumeo mguu wa baba yako ni mfupi," nikasema.

"Mama, anakusikia."

"Asinisikie mimi, akusikie wewe. Mwambie!"

"Baba Bhoke," akamwita mumewe kwa jina la binti yao, wajina wangu, "mguu wa baba ni mfupi."

"Mfupi kiasi gani?" Athanas akaliuliza ghala.

Babu yako akanguruma kutoka kule juu. "Mfupi wa nani? Miguu hii ilimfukuza fisi mpaka akahama kata!"

Basi. Nani angeendelea kupima hapo?

Athanas akaenda zake na pikipiki, akapimia mguu wake mwenyewe. Yule kijana ni nguzo ya umeme. Akakata nondo, akazichomelea moja kwa moja kwenye ile ngao, mbali kule mbele, akazivalisha mpira. Kazi safi, huoni hata tone la moto lililokosea. Ilipoletwa babu yako alipaswa kumwambia mkwe, "Baba, hivi viko mbali." Hakusema. Nilimwona akinyoosha mguu, akitafuta, akisogeza makalio mbele ili afike, mikono imevutika kama anayefua. Nikamwambia ndani, "Nchagwa, havikufai." Akasema mkwe amefanya kazi kwa heshima, hawezi kurudishiwa kama sufuria iliyotoboka. Na mimi nikanyamaza, kwa sababu ningempelekea nani hayo maneno? Beatrice alikuwa ameshaondoka.

Heche wa rika lake angeweza kumshika mguu akampima, hakuna haya kati yao. Lakini macho ya Heche yalikwisha, anatambua watu kwa kikohozi.

Akatoka kujaribu barabara, mimi nimesimama kwenye mihogo namsikiliza anavyopotea. Aliyemrudisha ni jirani yetu Kisyeri, na ni Kisyeri aliyenieleza. Ng'ombe zake zilikuwa zinavuka kwenda kunywa maji. Babu yako aliziona vizuri tu, macho yake ni mazima. Lakini miguu ilikuwa imelala kule mbele. Akavuta wa kulia arudi kwenye breki, pindo la suruali likanasa kwenye ncha ya nondo. Akachagua mtaro kuliko ng'ombe ya mtu. Kisyeri alinyanyua pikipiki, akamnyanyua na mzee, na mzee alikuwa anamwomba msamaha kwa kuwatisha ndama.

Tangu siku hiyo ndiyo hiyo "mm."

Werema, mimi si mtu wa kulia, nilishalia kwa baba yako, nikamaliza. Lakini siku hizi uji unaniungulia nikiwa nimeshika mwiko. Namwona mzee anaoza akiwa hai, na najua upande wa pili kuna mtu anamngoja huku pumzi inaisha, na katikati kuna barabara ambayo vijana wa bodaboda wanaikata kabla chai haijapoa. Naomba, ndiyo, kila Jumapili Zablon ananiona. Sioni kitu kinachokuja. Nakwambia kama kilivyo, sikupambii.

Athanas amesikia ameanguka, sasa hakanyagi hapa kwa aibu. Beatrice anasema anaamka anazunguka karakana yake hashiki chombo. Hakuna aliyemlaumu. Kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake, na mzee yuko mtaroni.

Sasa sikia ninalotaka. Usitume tena chuma kwenye basi. Hata kiwe cha dhahabu kitafika hapa kikose mtu wa kukipima. Njoo wewe.

Wewe ni mjukuu. Wewe huna haya naye, na yeye hana haya na wewe. Ulimpandia mabegani ukamkojolea shingoni. Unaweza kumwambia "mzee, panua miguu" akakuita mwizi wa mke wake, ukamshika mguu huku anakutukana. Katika mji huu wote hakuna mwingine mwenye ruhusa hiyo. Baba yako angekuwepo, hata yeye asingeweza.

Nakwambia mguu ulivyo, kwa sababu ni mimi ninayeukanda kwa samli kila jioni. Usinyooke kabisa, ukinyooka kabisa nyonga inamlilia. Ubaki na mkunjo kidogo, kama anapoweka kisigino juu ya kinu kilicholala. Kisigino kikae kwenye kitu kipana chenye mpira mnene, si ufito. Kiwe kinachokunjika juu kikigonga jiwe, na ncha yake iwe butu isinase nguo. Na kiwe karibu, Werema. Karibu kiasi kwamba mguu unarudi kwenye breki na gia kabla hajamaliza kusema "yalaa." Uje na vibanio vya kufungua na kufunga, si vya kuchomelea, ili mkikosea msogeze. Mpime akiwa amekaa na koti lake na viatu vyake, maana huku kwetu tumezoea kumpima mtu kwa kumkisia.

Najua huipendi njia ya huku tangu tumzike Vincent. Kaburi limeota nyasi nzuri, ninazikata mwenyewe. Halikungoji wewe. Anayekungoja ni huyu mwenye goti. Mwaka juzi ulisema baada ya msimu wa watalii, mwaka jana ukasema baada ya mtoto. Sikukasirika. Sasa nimekasirika.

Nilikuwa nataka kumaliza hapo, lakini jana jioni imefika simu kutoka Tarime, kijana wa Boke. Anasema mama yao amewaita wote kitandani, akawaambia hivi: Nchagwa ana goti, mimi nina tumbo, goti ni zito kuliko tumbo, nitieni kwenye gari mnipeleke Machochwe.

Wameshindwa kumkatalia. Wanatafuta gari. Mwanamke yule hawezi hata kugeuzwa upande, Werema. Ile barabara ya Nyamongo itammaliza. Na kama haitammaliza njiani akaja kufia hapa, mke wa ukoo mwingine, kwenye mji wa kaka yake, wewe unajua ugomvi wa kaburi utakaozuka kati ya wanawe na wazee wetu. Nimewaomba wangoje. Kijana anasema atajitahidi, lakini mama yao hapokei "ngoja."

Babu yako nimemweleza. Kwa mara ya kwanza hakusema "mm." Alisema, "Asije." Kisha akageuza kigoda, akaikabili pikipiki, akaitazama mpaka giza. Nikasogea kumshika bega, nikakuta amelowa uso wote.

Hayo ndiyo yote niliyonayo. Ukiondoka Arusha siku utakapoisoma barua hii labda utamkuta mzee bado anatazama pikipiki, na Boke bado yuko kwake. Labda utakuta gari limeshatoka. Mimi nipo kwa ng'ombe za yule mama, maisha yangu yote nimekula na kuzaa kwa ng'ombe zake, na sijui nitasimama wapi wakimshusha kama gunia mbele ya mlango wangu. Njoo unisimamie.

Msalimie Precious, mwambie namwomba msamaha kwa kukuita mume wangu, lakini nilitangulia. Mbusu mtoto kwenye visigino. Beatrice anakusalimu, Heche anakusalimu na kukohoa, Kisyeri anasema ng'ombe zake zitakaa mbali na barabara. Zablon naye anakusalimu, amechoka mkono.

Mungu akutangulie kwenye kila kona, na awape pumzi wote wanaokungoja.

Ni mimi nikupendaye hata nikikufokea,

Bibi yako Bhoke, mke wa Nchagwa.