Kihispania cha Mume Wangu

Alhamisi, 1 Oktoba 1953

Na tena si kwamba hajui! Anajua. Ni ulimi tu — ulimi wa Marui alikozaliwa. Kwao l na r ni ndugu wa tumbo moja, ukimwita huyu anaitika yule.

Leo alfajiri, kabla ya kengele ya shamba, nimemsomea imla ya Kihispania, yeye anaandika. Ukurasa mzima, makosa mawili! Nikamwambia, haya Bwana Zahoro, sasa soma kwa sauti. Hapo ndipo penye kazi. Pero ni “lakini”. Perro, r ikivingirishwa, ni mbwa. Pelo ni nywele. Kwa Zahoro wangu yote matatu ni pelo. “Lakini” ikawa nywele, mbwa akawa nywele. Nywele zenyewe zikabaki nywele — alhamdulillahi, moja kapata.

Nimecheka mpaka chai imemwagika. Naye akacheka. Wiki ya saba tangu harusi, na bado akicheka mimi sijui pa kuweka mikono yangu.

Jumamosi, 3 Oktoba

Niandike vizuri jambo lenyewe, ili siku moja nisome nikiwa bibi kizee.

Bwana Meneja hapa shamba la mkonge anapokea barua kutoka mashamba ya mkonge ya Meksiko. Zote za Kihispania. Hakuna anayeweza kuzisoma, zimejaa sanduku. Amesema karani atakayepata cheti cha darja la kati ndiye atakuwa karani wa barua za nje, mwenye meza yake na chumba chake. Asipopatikana mpaka mwisho wa mwezi huu, analetwa mtu kutoka Nairobi.

Na makarani wote walipoinamisha vichwa, nani alisimama? Wangu! Mwaka mzima amesoma kwa posta, peke yake, kabla hajanioa. Mtihani ni Jumamosi ijayo, Dar es Salaam, kwa Bibi Remedios, mke wa daktari mmoja, mwenyewe Mhispania. Asubuhi kuandika, mchana kuzungumza.

Wenzake kazini wanamwita “Señor”, yaani Bwana kwa Kihispania. Kibwana wa kwenye mizani kamwuliza mbele za watu, Señor, mkonge kwa Kihispania unaitwaje? Kamjibu: sisal. Kibwana kasema, hata kwa Kiingereza ni sisal; mwaka mzima umesomea hilo? Wote hoi! Zahoro kanisimulia mwenyewe, hana hata chembe ya kinyongo. Mtu wa namna hiyo utamshindaje?

Jumatatu, 5 Oktoba

Mama mkwe amekuja kutoka Marui na kikapu cha mihogo. Nimemkuta mlangoni, hajabisha hodi, anasikiliza. Ndani Zahoro anasema kwa sauti kubwa: mi casa es grande, mi casa es grande.

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Kasa gani huyo? Hapa Mlandizi mmempata wapi kasa, na bahari iko huko?

Zahoro kamweleza kwamba casa ni nyumba, anasema nyumba yangu ni kubwa. Mama kaangalia chumba chetu kimoja, kaangalia dari, kasema: basi hata kwa kasa ni kidogo.

Lo! Nilijificha jikoni. Lakini baadaye, tunamenya mihogo, kaniambia polepole: mkwe wangu, baba yake hakujua kuandika jina lake. Huyu leo anasema na watu wa Meksiko. Akafuta macho kwa upindo wa kanga, akasingizia moshi. Jiko lilikuwa bado halijawashwa.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimegundua kitu! Mimi mwenyewe, hakuna aliyenifundisha!

Zahoro alikuwa anakariri hasta, “mpaka”. Kila mara inamtoka. Mimi nasuka ukili, nikasema tu: lakini hiyo si hata yetu? Hata asubuhi, hasta la mañana. Tukatazamana. Kisha ojalá — kitabu kinasema ni neno la kuombea jambo liwe. Nikalitamka, ohala! Lina Allah ndani yake! Tukaanza kuwinda kama watoto. Mesa, meza. Bandera, bendera. Vino, mvinyo. Azúcar, sukari. Limón, limau. Maneno ishirini na matatu kabla ya kengele ya shamba!

Zahoro kaweka kalamu chini. Kasema, Mwanahalima, mwaka mzima nimelima shamba hili kwa kucha, kumbe wewe una jembe.

Nimeyaandika hapa yasipotee. Nilisoma mpaka darasa la kumi, shuleni walinisifu mara nyingi. Sikuwahi kusifiwa hivi.

Ijumaa, 9 Oktoba

R imetoka!!! Kwa siku mbili nimemwambia aige lori linalopanda mlima na mzigo. Leo alfajiri imeng'oka: ferrrrocarril, yaani reli! Mwanajuma wa jirani kachungulia ukutani, kauliza, shoga, mmenunua motokaa?

Sasa haachi. Kila penye r anaivingirisha, na penye l pia. Nimemwonya: mume wangu, usimwage r zote, bakiza. Kasema anaogopa akiiacha ipumzike haitarudi.

Kanzu nimeipiga pasi, koti nimelipiga brashi. Nafungua misuko yangu, yeye ananitazama. Kasema, wataniuliza habari za jamaa zangu, nitasema nini juu yako? Nikasema, sema unachokiona. Akaja akanifungulia misuko iliyobaki. Sitaandika zaidi.

Jumamosi, 10 Oktoba

Kaondoka na treni ya asubuhi, stesheni ya Ruvu. Nimefagia uwanja mara tatu. Ojalá. Ojalá. Ojalá.

Jumapili, 11 Oktoba

Karudi. Sijui nianzie wapi — nicheke au nilie!

Sehemu ya kuandika amepita. Bibi Remedios kasahihisha mbele yake, kasema muy bien, vizuri sana, anayekusomea imla nyumbani anajua kusoma. Yangu hiyo! Imla yangu!

Mchana, kuzungumza. Kaambiwa: nieleze habari za mke wako. Zahoro kajaza kifua. Alitaka kusema mke wangu ana nywele ndefu nyeusi. Akakumbuka lori, akakumbuka mlima, akaivingirisha kwa nguvu zake zote: mi mujer tiene perro largo y negro.

Mke wangu ana mbwa mrefu mweusi.

Bibi kamwuliza, anauma? Zahoro hakulijua neno lile, kadhani anaulizwa kama nazitunza. Kajibu: ndiyo señora, kila siku, kwa mafuta ya nazi.

Bibi kaweka kalamu. Kacheka mpaka kavua miwani. Ndipo Zahoro akashtuka, akashika kichwa chake mwenyewe kwa mikono miwili, akasema pelo! pelo! Tena sawasawa, kama imetoka kitabuni.

Mama mkwe, angali kwetu, aliposikia hayo: Astaghfirullah! Mwislamu mzima umekwenda kumwambia mzungu mkeo ana mbwa? Mama hata kula hakula.

Zahoro kaendelea: Bibi Remedios kamwuliza nani hukusomea imla. Kajibu, mke wangu, Mwanahalima. Kajifunzia wapi? Kwa kunisomea mimi. Bibi kaandika kitu, kafunga jalada. Hakusema umepita. Hakusema umeshindwa. Kasema ataandika barua.

Alhamisi, 15 Oktoba

Barua hakuna. Bwana Meneja kauliza, Zahoro kasema bado. Yule wa Nairobi ameshapigiwa simu.

Kisa cha mbwa shamba zima wanakijua — kawasimulia Zahoro mwenyewe! Leo Kibwana kabweka dirishani pa ofisi. Zahoro kamwambia, bweka kwa Kihispania, basi. Makarani wamecheka naye, si kumcheka. Nimeolewa na mwanamume.

Jumamosi, 17 Oktoba

Imefika. Zahoro kaileta mbio kutoka posta, haijafunguliwa — kasema jina la juu ni lako. Langu! Señora Mwanahalima, Mlandizi.

Nimeisoma mwenyewe, maneno manne tu ndiyo nimetafuta kitabuni. Bibi Remedios anasema cheti cha Zahoro hatakitoa wala hatakinyima mpaka amsikie akizungumza mara ya pili, hapa nyumbani kwetu, moyo ukiwa umetulia. Na ndani ya bahasha zimo fomu mbili. Ya kwanza ina jina lake. Ya pili iko wazi, ya darja lile lile la kati.

Nikasema, amekosea, kaweka moja zaidi. Zahoro kaivuta mbele yake. Kachovya kalamu, kaandika juu ya ile ya pili kwa hati yake ya ofisini, ile ya barua za Meneja: jina langu, la baba yangu, na kijiji changu, Msimbu, Kisarawe. Kaniachia pa kutia sahihi.

Nikamwuliza, na mimi nikipita wewe usipopita? Kasema, chumba kile kina nafasi ya meza moja tu, tutaona nani anaikalia. Anatabasamu, huku ananisogezea kidau cha wino.

Sijatia sahihi bado. Wino upo. Bibi kaandika kwamba atakuja kwetu na treni ya asubuhi kabla mwezi haujaisha, siku hakuitaja.