Nafuu ya Sabato

Jumatatu, 3 Machi

Mashini ya kusaga imeniamkia vibaya. Nilizungusha mpini, ikakohoa, ikazima. Nikazungusha tena, mpini ukarudi kwa nguvu ukanigonga kiwiko. Nikaipiga teke. Kosa langu, nilitumia mguu wa kushoto, ule mbovu. Niliona nyota mchana kweupe.

Mvua tangu asubuhi. Akina mama wakasema nifunge mlango unga usilowe. Nikafunga. Dirisha ni moja tu, dogo kama la choo. Moshi ukatanda mpaka nikawa nawasikia wakikohoa bila kuwaona. Nikipenga kamasi, nyeusi. Jioni nikanywa maziwa lala bakuli zima. Maziwa huosha moshi kifuani, ndivyo tajiri, mwenye mashini, alivyonifundisha nilipoanza kazi hii nikiwa kijana. Yeye mwenyewe husimama nje.

Kilima cha kutoka sokoni Kiogoro hadi kwangu kimenishinda. Shavu la mguu linakaza, nasimama, linaachia, naenda tena. Nikisimama najifanya naongea na simu. Aibu tupu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempiga mteja kofi. Kijana wa boda. Aliniona nimeegemea gunia akasema, "Mzee, ama una mimba?" Watu wakacheka. Mkono ukatoka wenyewe. Alipoinuka nikamwongeza jingine. Tajiri amesema nikirudia nitafute kazi Nairobi.

Sijuti. Kichwa kinanigonga tangu Jumapili kama mtu yumo ndani na nyundo. Kifua kimebana.

Nyanya Moraa alipita nyuma ya kisiagi, kibanda chetu cha mashini, akitoka shambani. Akatazama, akaendelea kupanda kilima kwenda kwake. Yule mama simpendi. Shamba lake limepakana na ukuta wetu. Zamani bomba la moshi lilitokea upande wake. Masizi yakamwangukia sukuma wiki na nguo alizoanika pale shambani. Akaenda kwa chifu. Tajiri kwa hasira akalikata bomba, akaligeuza ndani. Kama hataki moshi wetu, akasema, tutakaa nao. Mimi nikamfuata Moraa hadi mpakani nikamtukana, soko zima likisikia. Naye akanijibu, "Basi uleni wenyewe, uwamalize." Tangu siku hiyo hatusalimiani. Hajaleta hata punje ya mahindi kwetu. Anabeba hadi soko la Daraja Mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato. Mashini imefungwa. Niliamka kichwa chepesi. Kifua kimefunguka. Kanisani niliimba sauti ya chini mpaka mwalimu wa kwaya akageuka kuniangalia.

Ogeto, mdogo wangu, alikula kwetu. Akaniangalia sana. Akasema nina rangi leo. Kweli nilikuwa nayo.

Jumanne, 11 Machi

Jumapili nilifungua mashini, jioni kichwa kikarudi. Jana vibaya. Leo vibaya zaidi. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimekuwa zambarau kama bilinganya, tena baridi. Nimekiweka kwenye maji moto, sikusikia moto.

Mke wangu Kwamboka akasema hospitali. Nikarusha sahani ukutani, ugali na managu yote. Mke wangu hakulia wala hakuokota. Alikaa tu akinitazama, na hapo ndipo nilipotamani anipige.

Nina hofu. Ndiyo hiyo. Nina hofu ya kukatwa mguu.

Jumamosi, 15 Machi

Sabato tena, nafuu tena. Kidole bado, lakini kichwa na kifua, hakuna kitu. Hata mguu umepumzika.

Ogeto ameliona. Yeye ndiye aliyeliunganisha. Siku sita nateswa, ya saba naachiliwa. Ugonjwa wa hospitali haujui kalenda, akasema. Kuna kitu kinachoogopa siku ya Bwana, na kinachoogopa siku ya Bwana si malaria. Akanikumbusha mpakani. Akarudia yale maneno: uleni wenyewe, uwamalize.

Ni kweli. Kila Sabato. Mbona sikuona?

Jumapili, 16 Machi

Walikuja kwangu baada ya chai ya mchana. Ogeto na vijana wake wa ukoo. Kwamboka alikataa kuwapa viti. Wakakaa kwenye nyasi. Ogeto akasema hawawezi kufanya kitu mpaka mgonjwa mwenyewe amtaje mtu. Ndiyo desturi. Wote wakanigeukia.

Nikasema, "Ni Moraa."

Nikasema kwa sauti. Na nilifurahi. Miezi yote hii nimechukia mashini, nimechukia mguu wangu, nimechukia mke wangu asiye na kosa. Leo nimepata mtu wa kumchukia na ana jina. Nililala vizuri kama mtoto.

Jumanne, 18 Machi

Kidole kimetoa malengelenge. Kwamboka amesema kesho tunaenda hospitali Kisii, nisipoenda atarudi kwao. Hatanii. Ameshakunja nguo zake.

Nitaenda anyamaze. Wanichome sindano, waone haina kazi.

Alhamisi, 20 Machi

Jana sikuweza kuandika. Naandika yote sasa, nisije nikajidanganya baadaye.

Daktari alikuwa msichana, mdogo kuliko binti yangu wa kwanza. Akanipima presha mkononi, halafu akaifunga ile mashini kwenye kifundo cha mguu. Mkononi ilikuwa juu sana. Mguuni ilikuwa chini, damu haifiki. Sigara? Mimi Msabato, sijawahi. Sukari? Akapima, hakuna. Akauliza kazi. Nikamwambia. Akauliza mlango, dirisha, bomba linatokea wapi. Kisha akauliza ni lini napata nafuu.

Nikamwambia Jumamosi. Nilisema kwa kiburi, nikijua hapo atashindwa.

"Na Jumamosi mnasaga?"

Nikasema hatusagi. Tumefunga.

Kwamboka akashika mdomo. Na mimi nikasikia nilichokisema. Ewe Mungu wangu. Ni kama mtu amenimwagia maji ya baridi mgongoni.

Alieleza polepole. Moshi wa dizeli hauishii kifuani. Vumbi lake ni jembamba mno, linapenya mapafu linaingia kwenye damu. Mishipa inachubuka kwa ndani, inakakamaa, inasahau kutanuka. Damu inakuwa nzito, inaganda upesi. Miaka ikienda, njia inaziba, mguuni au moyoni au kichwani. Hawezi kuapa kwamba ni moshi peke yake. Lakini hana kingine cha kulaumu. Na maziwa? Maziwa ni chakula, akasema. Hayajui njia ya kwenda kwenye mishipa.

Alitaka nilazwe palepale. Nikatoka nje nikampigia Ogeto, nimwambie amwache Moraa. Hakushika. Nikampigia tena na tena. Mwisho akashika mmoja wa vijana, nyuma yake kelele. Akacheka. "Tulia, mzee. Leo unapona."

Tuliruka kwenye boda mimi na Kwamboka. Matope. Chini ya kilima pikipiki ikateleza, dereva akakataa kupanda, na mayowe tulikuwa tumeshayasikia. Kwamboka akavua viatu akakimbia. Mimi nikakimbia pia. Hatua chache, shavu la mguu likakaza kama limeshikwa na koleo. Nikasimama. Juu kule mwanamke anapiga nduru, ananyamaza, anapiga tena. Na mimi nimesimama! Nilijipiga ngumi kwenye paja. Nilijiuma mkono. Nikaenda kwa magoti, nikainuka, ukakaza tena. Kilima kile kile. Nilimtukana Mungu kwa Kiswahili na kwa Ekegusii.

Nyumba ya Moraa ilikuwa inawaka, upande wa jikoni. Yeye walikuwa wamemtoa nje, wamemlaza kwenye matope kati ya migomba. Mkono wake mmoja ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Damu usoni. Walikuwa wanaimba "omorogi, omorogi", mchawi, mchawi, na wengine nawajua, huwasagia kila wiki. Wamemmwagia mafuta. Nililijua jerikani kabla ya kunusa. La mashini yetu. Mimi ndiye mwenye ufunguo wa stoo, na ufunguo nilimwachia Ogeto asubuhi anisagie zamu yangu.

Dizeli haishiki haraka kama petroli, tena kwa mvua ile. Njiti zilikuwa zinazima. Hicho tu ndicho kilichomwokoa, hicho na Kwamboka. Mke wangu alikuwa amelala juu yake, amemkumbatia, na walikuwa wanampiga yeye mgongoni kwa fimbo ili aachie. Haachii.

Ogeto alikuwa amewasha kitambaa.

Nilichukua mchi wa kinu cha Moraa uliokuwa mlangoni. Nikampiga ndugu yangu, mtoto wa mama yangu, kwenye mkono. Mfupa ukalia. Kitambaa kikaanguka matopeni. Akaja tena, nikampiga mbavu. Nikapiga aliyefuata, sijui nani. Wakanirushia mawe, moja likanipasua nyusi. Nikapiga yowe mpaka koo likachanika. Nikawaambia mimi ndiye niliyemtaja, na nimesema uongo. Ni moshi. Ni mashini. Anayetaka kuchoma mchawi akachome mashini.

Hawakuelewa. Lakini mgonjwa mwenyewe amekana, na bila mgonjwa hawana neno. Wakaanza kutawanyika, mmoja mmoja, wakipangusa panga kwenye nyasi kana kwamba walikuwa wanakata majani ya ng'ombe.

Kwamboka ana alama mgongo mzima. Amelala kifudifudi.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika nikiwa wodini. Wamekata kidole gumba na cha kando yake. Nyama nyeusi. Mguu labda utabaki, wanasema, kama dawa ya kulainisha damu itafanya kazi na kama sitarudi kwenye moshi.

Polisi walikuja. Wameshawakamata wawili. Ogeto amekimbia na mkono uliovunjika. Nikaandikisha yote. Aliyemwaga, aliyewasha. Na aliyetaja. Askari aliinua kalamu akaniuliza kama nina hakika nataka hilo liandikwe. Nikamwambia andika.

Tajiri hakuja. Alituma salamu na maziwa. Nimemwambia aliyeleta ayanywe mwenyewe.

Jumapili, 6 Aprili

Nimetoka. Mama yangu ameniambia sina mama. Kwa sababu ya Ogeto.

Nachechemea kwa fimbo. Hasira bado ninayo, siku nzima, lakini sasa haijui iende wapi. Asubuhi niligombana na kuku.

Jumapili, 13 Aprili

Kwamboka alinipeleka Nyamira. Nyanya Moraa anakaa kwa binti yake, boma dogo katikati ya majani chai. Kwamboka amekuwa akienda. Mimi ni mara ya kwanza.

Alikuwa amekaa kibarazani, mkono kwenye plasta. Jicho moja halifunguki vizuri. Nikabaki getini. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakapotea yote. Nikasema tu, "Nyanya, ni mimi niliyekutaja."

Akasema anajua. Hapo mwanzo walipokuwa wakimburuta, walimwambia.

Kisha akainuka mwenyewe, akamkatalia binti yake, akaingia jikoni. Akarudi na kikombe cha chai kwa ule mkono mzima, kimejaa hadi mdomoni, chai inamwagikia vidole. Akaniwekea juu ya jiwe la getini. Akarudi kuketi.

Kwetu aliyetajwa mchawi hapokelewi kitu. Hata maji. Hata mtoto mdogo anajua. Majirani wawili waliokuwa wakichuma chai waliacha kuchuma, wakatazama. Kwamboka alinitazama. Binti alinitazama.

Nilikichukua. Kilikuwa cha moto. Nilikunywa pale pale, nimesimama, mbele yao wote, mpaka kikaisha. Naye Nyanya Moraa alinitazama kooni muda wote, kila nilipomeza.