Muuaji Lazima Azame

Jumatatu, 3 Februari 1941

Uniwie radhi, daftari. Tangu Krismasi sijakufungua. Sikuwa na jambo safi la kuandika. Kazi ni kusoma miswada ya sinema — matusi, bastola, vimada — na kuikata kwa penseli nyekundu. Ofisi yetu ya maadili isipotoa idhini, hakuna ukumbi utakaoonyesha picha.

Leo nimemshinda Kessling, mwongozaji. Jambazi wake anamuua mlinzi wa benki, anavuka mto kwa mtumbwi, anatokomea Mexico akipiga mluzi. Mluzi! Nimemwambia muuaji haachwi hai. Azame.

"Mwalimu, shule si ulishastaafu?" akanikejeli mbele ya watu. "Huku hatuchapwi."

"Ndiyo maana mko hivi," nikamjibu.

Amekubali. Azame.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda studio kuhakikisha. Brannock, anayeigiza jambazi, ananichukia waziwazi.

"Bibi Kaburi! Umekuja kunipima sanda?"

Wakaangua kicheko. Naye akacheka — akakohoa, akageukia ukuta. Leso ilikuwa na damu. Inez, anayewapaka waigizaji rangi, akaipokonya na kuificha.

Nilimfuata Inez chumbani kwake. Akanifokea. Ni mapafu, mama, ulidhani nini? Kila asubuhi yeye Inez anampaka Brannock uzima usoni. Siri ikitoka, watamfukuza, na kazi hii ndiyo inayomtoa kitandani.

"Kessling hajui?"

"Eti hajui! Mbona basi kuzama kumepelekwa siku ya mwisho?"

Desturi ya hapa naijua. Jambo la hatari hupigwa picha mwisho, ili mwigizaji akifa, sinema iwe imekwisha kupatikana. Tangi la maji la studio, atakamozamishwa, ni barafu tupu mwezi huu. Na mtumbwi nimeufuta mimi.

Jumamosi, 8 Februari

Nimemkabili Kessling; hakukana hata neno.

"Kuzama umetaka wewe, bibi. Usinililie."

"Mtie mtu mwingine majini."

"Uso lazima uonekane akikata roho. Si ndiyo maadili yako? Niidhinishie mluzi wangu, nimrudishe kwenye mtumbwi sasa hivi."

Mshenzi! Anafanya biashara kwa pumzi za mtu.

Brannock nilimkuta kando ya tangi, vidole majini. Nikamwambia akatae.

"Wewe usinionee huruma, inakukaa vibaya. Nife kitandani, nani ataniona? Hapa wataniona mpaka Chicago."

"Hicho ni kiburi."

"Ni changu. Kakate cha mwingine."

Jumapili, 9 Februari

Sikwenda kanisani. Nisingeweza kuimba.

Kanuni yetu haina kosa: muuaji asifaidi. Nimeisoma tena, sioni pa kusahihisha. Lakini Brannock hajamuua mtu. Nikiruhusu mluzi, vijana wa nchi nzima watatoka ukumbini wakiuiga, na Kessling atanicheka hadi nizikwe. Nisiporuhusu, kesho asubuhi watamshusha majini — yeye mwenyewe akiwahimiza, mpumbavu!

Inez amepiga simu. Ameagizwa kumpaka rangi ya maiti.

"Sitahitaji nyingi, mama," akasema, akakata.

Mswada uko mezani, umefunguka penye mluzi. Mistari yangu myekundu imepita juu yake, minyoofu, mizuri. Penseli ninayo. Kifutio pia ninacho. Nikishakata shauri nitakuandikia, daftari — nikiwa bado na uso wa kukufungua.