Shuka Jeupe Shambani

Tinde, Jumanne

Vipimo vya leo ni safi kuliko vyote, na sitaki hata kuviona.

Saa sita mchana nilikuwa juu ya ngazi, napima jinsi pamba ya Mama Kulwa inavyorudisha mwanga wa jua, kila mara nikiinamisha kidogo kifaa cha kupimia. Nikamwona akija na shuka jeupe. Kitu cheupe kinaharibu kipimo. Nikamfokea, "Toka hapo na hilo shuka!" Akatoka, kwenye shamba lake mwenyewe.

Saa nzima baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba. Ndani ya shuka alikuwamo mwanawe Doto, anachemka homa. Mama alikuwa amekuja kuomba gari langu limpeleke zahanati.

Kwenye zahanati, Doto akiwa hafumbui macho, muuguzi aliuliza mbona tumechelewa. Mama Kulwa akanitetea: "Mtaalamu alikuwa bado analitumia jua."