Usimpe Mtoto Jina Langu

Kwashemshi,
S.L.P. 41,
Korogwe.
9 Novemba 1980

Mpendwa mpwa wangu Yuditha,

Pokea salamu zangu kutoka huku milimani. Hujambo, mwanangu? Ernesti mumeo hajambo? Na huyo mgeni mdogo, ananyonya vizuri? Nasikia sabuni imeadimika huko Musoma kama ilivyoadimika huku. Mama yako ameficha kipande kwa ajili ya nepi za mjukuu wake, na hakuna anayeruhusiwa kukigusa.

Hali yangu mimi si ya kuificha. Miguu imevimba, pumzi inakatika nikivuka kizingiti tu, na daktari wa Korogwe alinitazama kwa upole mwingi kuliko nilivyopenda. Naandika kidogo, napumzika, naandika tena. Ukiona mwandiko umebadilika, ujue ni siku nyingine.

Vuli imeanza vizuri, maharage yameota. Ng'ombe wa Filemoni alivunja ua akala miche yote ya kabichi, na Filemoni bado anadai kuwa ni kwekwe tu alizokula.

Sasa nije kwenye barua yako. Umesema Ernesti amekubali upande wetu utoe jina, na kwamba Krismasi mtoto atabatizwa Jonathan, kwa heshima ya mjomba aliyekusomesha. Umesema pia kwamba jina la baba yako hulitaki, kwa kuwa ni jina la mlevi. Niliposoma hapo niliikunja barua nikaiweka chini ya mto. Mama yako aliuliza umeandika nini, nikamjibu kwamba hamjambo.

Yuditha, usimpe mtoto jina langu. Nitakueleza sababu, na nakuomba usome hadi mwisho hata kama utataka kuichoma barua katikati.

Unakumbuka lile shamba la mkonge ng'ambo ya mto, tulilokuwa tukifanya kazi mimi na baba yako. Si lile la Ngombezi, ni lile dogo. Baada ya Azimio la Arusha, Mgiriki mwenye shamba aliondoka na shamba likawa mali ya umma. Mimi nilitoka ukarani Tanga nikaletwa pale kwa sababu nilijua Kiingereza. Kiwandani kulikuwa na korona mbili, zile mashine kubwa za kukamua majani ya mkonge na kuacha singa, yaani nyuzi zake. Moja ilikuwa ya zamani sana, nyingine ililetwa mwaka wa Uhuru.

Watu wa Ulaya waliozitengeneza walikuwa na desturi ya kutuma maelekezo kila walipogundua kasoro: badilisheni kifaa hiki, ongezeni kile. Enzi za Mgiriki baadhi yalifuatwa, mengi hayakufuatwa. Meneja wetu mpya aliniambia, "Mzee Jonathan, fedha za kigeni tumepewa kidogo, tunaagiza mara moja tu. Nitafutie ni mabadiliko gani mashine zetu bado zinayahitaji. Usiagize la ziada, usisahau la lazima."

Niliipenda kazi ile kuliko kazi yoyote niliyowahi kupewa. Yalikuwepo maelekezo yaliyofutwa na mengine ya baadaye, nikayaweka kando. Yalikuwepo ya mashine za namna nyingine, nikayatoa. Yalikuwepo yaliyokwisha kufanyika, na mengine yasiyowezekana mpaka jingine litangulie. Nikachambua kama mtu anayechambua mchele, hadi ikabaki breki yenye nguvu zaidi, na kinga ya chuma ya kuzuia mkono wa mlishaji usivutwe pamoja na majani. Kinga ile haikufungika bila breki ile. Niliona nimefumbua fumbo. Nilitembea ofisini kama jogoo.

Lilibaki swali moja: ni mashine ipi isiyokuwa na kinga? Ningeshuka kiwandani ningeona kwa macho yangu. Lakini chini kule palitiririka maji ya mkonge yenye kunuka na kuwasha, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vyeusi nilivyonunua Tanga. Nikasimama juu ya ngazi, nikampigia kelele nyapara, Mbwana, yule Mzigua wa Handeni mwenye sauti ya tarumbeta.

"Mbwana! Ipi haina kinga?"

"Mpya, bwana karani! Mpya ndiyo bado!"

Nikarudi mezani, nikaagiza kinga na breki za mashine ya mwaka wa Uhuru.

Sanduku lilipofika, Mbwana alilifungua, akapima, akakuna kichwa. "Bwana karani, hizi ni za Uhuru. Uhuru anazo tangu azaliwe. Mimi nilisema Mpya."

"Si ndiyo hiyo mpya?"

Alicheka mpaka akashika nguzo, na walishaji wote wakacheka naye. "Mpya ni yule bibi kizee pale! Alipewa jina hilo siku alipoletwa, vita vya Hitler vilipokwisha. Kwani kwenu Usambara bibi akizeeka mnambadilisha jina?"

Kosa hilo peke yake nisingelificha miaka yote hii. Ni neno tu, na mtu hukosea. Nililofanya baadaye ndilo linalonitoa usingizi. Meneja alikuwa akingojea wakubwa kutoka Dar es Salaam. Aliniuliza, "Mashine zote ziko kamili?" Nilikuwa nimejigamba mno mbele yake. Nikasema ziko kamili. Mbwana nilimwomba anyamaze, nitaagiza tena kimyakimya. Haukupita muda akahamishiwa shamba jingine. Sikuagiza tena, kwa sababu kuagiza tena ilikuwa ni kukiri.

Ndipo baba yako akatolewa kwenye uanikaji wa singa, akawekwa kulisha Mpya. Wewe ulikuwa mdogo, lakini unaukumbuka mdomo wake. Hakuna neno lililompita bila kuligeuza utani. Alinikuta mlangoni akaniambia, "Mlamu, nasikia naozwa kwa yule bibi. Mmeshamvika nguo? Nisije nikashikwa mkono na bibi aliye uchi, dada yako akanifukuza!"

Alikuwa shemeji yangu, mume wa kitinda mimba wetu. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, na hapakuwa na mtu mwingine aliyesikia. Nikamjibu, "Ameshavikwa. Nenda kazini, mlamu, acha uoga."

Alikwenda. Mpya ilimchukua mkono wa kulia juu ya kiwiko.

Wachunguzi walipokuja waliona mashine haina kinga. Waliniuliza. Nikawapeleka stoo, nikawaonyesha ile kinga isiyokuwa yake, imelala sakafuni, nikasema walishaji huitoa wenyewe kwa sababu inawachelewesha. Usiku wa kuamkia siku ile palikuwa na harusi ya jamaa zetu na baba yako alikunywa dengelua, pombe yetu ya miwa, kama sisi sote. Mimi nilikunywa zaidi yake. Lakini harufu ilitafutwa mdomoni mwake, si mdomoni mwangu. Wakaandika kwamba aliondoa kinga, na kwamba alikuwa mlevi. Akafukuzwa kazi bila fidia. Na aliyepanda hadi huku kumweleza mama yako ni mimi. Nilikaa kwenye kigoda chake, nikamwambia kwa kinywa changu, "Dorkasi, mumeo alikuwa amelewa."

Mengine unayajua. Mlihamia kijijini Kabuku, na watoto wa shule wakakuimbia mtoto wa mlevi. Nikajitolea kukusomesha, nawe ukaniita baba wa pili. Kila ulipoandika hivyo nilijisikia kama mtu anayesifiwa kwa kuzima moto alioutia mwenyewe. Baba yako alipofariki, hukuja kumzika. Watu walikulaumu, nami nilikaa kati yao, sikufungua mdomo. Lawama ile haikuwa yako.

Nilimtembelea mara ya mwisho pale barabarani Kabuku, akiwauzia abiria machungwa. Alilibana chungwa kati ya magoti, akilimenya kwa mkono wa kushoto. Alinitazama, akaniuliza taratibu, "Mlamu, yule bibi, kweli mlimvika?"

Nilisema, "Habakuki..." Nikaokota chungwa.

Akanisukumia kisu. "Basi menya, mlamu. Mimi huchukua muda." Tukala machungwa. Hakuniuliza tena, na naamini hakumwambia mtu, hata mama yako. Mlevi hatunzi siri namna ile, Yuditha.

Juzi nilimwambia Dorkasi kila kitu. Sikutaka ujue wewe kabla yake. Alikuwa ameshika bakuli la uji. Alisimama nalo mpaka uji ukaganda, akasema, "Muda wote huu unakula chakula changu." Halafu akasema, "Mwandikie mtoto kwa mkono wako. Nikimwandikia mimi atadhani namtetea mume wangu." Tangu siku hiyo uji wangu huletwa na Zamda, jirani yetu. Zamda hajui sababu, anadhani mama yako anaumwa mgongo. Mimi nauelewa mgongo huo.

Sikuombi unisamehe. Kuomba msamaha wakati miguu imevimba ni kama kuomba lifti gari likiwa limeshafika mwisho wa safari. Naomba jambo moja, na hilo si kwa ajili yangu. Krismasi, mchungaji atakapouliza jina la mtoto, litaje la babu yake. Litaje kwa sauti, walio nyuma wasikie. Na akikua akiuliza lilikuwa jina la nani, mwambie ni la mtu mcheshi aliyeuliza swali la maana kabla ya kwenda kazini, akadanganywa na mtu aliyemwamini.

Kama mtaweza kufika Pasaka, mpelekeni Kabuku. Kaburi lipo nyuma ya shule, kando ya mchungwa alioupanda mwenyewe. Mama yako amesema atakwenda nanyi. Mimi sijaalikwa, na huenda nitakuwa nimeshakwenda kwingine.

Nisalimie Ernesti; mwambie asisome barua hii mpaka wewe umeimaliza. Msalimie Grasiana unayefanya naye kazi wodini, yule aliyenitumia dagaa. Filemoni anakusalimu, na Zamda pia. Mama yako hakunipa salamu za kuweka humu. Amesema atakuandikia zake kwenye karatasi yake.

Mungu wa baba yako akulinde, amlinde na mtoto, awape mkono wenye nguvu na kinywa kisichoogopa kusema nimekosea.

Akupendaye, hata kama leo umeacha kumpenda,
mjomba wako, mwenye jina ambalo mtoto asipewe,

Jonathan